Baba alikuwa anapona nimonia, damu ikaganda mapafuni: je, ni ile sindano ya tumboni?

Swali

Daktari, shikamoo. Naandika kutoka Tukuyu. Baba yangu ana miaka 67. Mwezi wa saba alilazwa Mbeya kwa nimonia, tukaambiwa imeletwa na virusi, ila hatukuambiwa ni virusi gani. Alikaa kwenye oksijeni siku nne, akaanza kupata nafuu, akawa anakula mwenyewe na kutaniana na manesi. Kila jioni walimchoma sindano ndogo tumboni, wakasema ni ya kuzuia damu isigande. Sisi watoto tulikaa naye kwa zamu na tulimkataza kabisa kushuka kitandani, hata haja ndogo alipata kwenye kopo. Siku ya saba akang'ang'ania kwenda chooni mwenyewe. Alipofika mlangoni alishikwa na kifua, akakosa pumzi, nusura azimie. Alipopigwa CT ikaonekana damu imeganda kwenye mapafu. Mjomba anasema ni zile sindano ndizo zilizoigandisha, maana kabla yake hakuwa na shida hiyo. Mama anasema kuna mtu ana mkono wake hapa. Sasa yuko nyumbani wiki ya pili, ana vidonge vya miezi mitatu, na mama anamchemshia kitunguu saumu na tangawizi kila asubuhi ili damu iwe nyepesi. Naomba unieleze: ni sindano? Ni sisi? Na mwezi ujao tuna harusi ya mdogo wangu Dar, baba anaweza kupanda basi? Ndaga fijo.

Jibu

Marahaba, mwanangu, na poleni sana hapo nyumbani. Mzee aliyeganda damu mapafuni kisha akarudi kwake anatembea amepita pabaya, na nyinyi mliokesha naye mmepita naye hapohapo.

Nakujibu kwanza, maelezo yafuate. Karibu hakika sindano haikumgandisha baba yako damu. Kilichomgandisha ni ule ugonjwa uliompeleka wodini. Watu wengi hudhani nimonia ya virusi inaishia kwenye kikohozi, homa na kukosa pumzi, kwamba hayo yakipungua mgonjwa amevuka. Sisi tunaozunguka wodi za magonjwa ya ndani tunajua kuna mlango wa pili ambao ugonjwa huo huutumia, nao ni damu. Mara nyingi huufungua wakati ndugu wameshaanza kufunga mizigo ya kurudi nyumbani.

Wewe ni wa Rungwe, lakini bila shaka umepita Chimala au Igurusi ukaiona mifereji ya mpunga ya Usangu. Mkulima wa kule atakwambia mfereji unaziba kwa sababu tatu. Maji yakisimama, tope linatua. Ukingo ukibomoka, takataka zinanasa palipobomoka na kuvuta nyingine. Na maji yenyewe yakija mazito, mfereji unaweza kuziba hata kama kingo zake ni nzima. Mishipa ya damu ni hivyohivyo: damu kwenda polepole, ukuta wa mshipa kuchubuka, na damu yenyewe kuwa na tabia ya kuganda upesi. Mambo hayo matatu tunayaita kwa jina la Rudolf Virchow, daktari wa Kijerumani ambaye katikati ya karne ya 19 alionyesha kwamba donge linalokutwa mapafuni mara nyingi limetoka mbali, kwenye mishipa ya miguu, likasafiri na damu kupitia moyoni hadi likakwama.

Nimonia kali ya virusi inaleta yote matatu kwa wakati mmoja, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Virusi pamoja na vita ambayo mwili unapigana navyo vinachubua utando laini wa ndani ya mishipa, hasa ile midogo sana inayozunguka vifuko vya hewa. Utando ule ukiwa mzima, damu inateleza juu yake bila kushika. Ukichubuka, chembe sahani za damu, zile chembe ndogo zinazoanzisha kuganda, zinanasa. Wakati huohuo ini linamwaga kwenye damu protini ya kugandisha inayoitwa fibrinojeni kwa wingi kuliko kawaida, na chembe nyeupe zinatoa nyuzinyuzi za kunasia vijidudu, nyuzi ambazo zinanasa na chembe za damu pia. Homa na kushindwa kunywa vinakausha maji mwilini. Kisha mgonjwa analala siku tano, sita, saba, na damu ya miguuni inakosa wa kuisukuma.

Hukuambiwa ni virusi gani, na kwa swali lako haibadilishi sana. UVIKO-19 ndio uliotuamsha. Mwaka 2020 watafiti wa Ujerumani na Marekani walilinganisha mapafu ya watu saba waliofariki kwa UVIKO-19 na ya saba waliofariki kwa influenza kali, wakakuta madonge madogo kwenye mishipa ya vifuko vya hewa ni mara tisa zaidi kwa wale wa UVIKO-19. Lakini angalia, hata wale wa influenza walikuwa nayo. Influenza ni mchokozi wa damu wa siku nyingi, ila hatukuwa tukimtazama kwa jicho hilo. Utafiti wa Ontario, Canada, uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika siku saba za kwanza baada ya kipimo kuthibitisha influenza, hatari ya mshtuko wa moyo inapanda karibu mara sita. Huko nako ni kuganda, ila ni kwenye mishipa ya moyo. Kwa hiyo mtu akiniambia "ni mafua tu" kuhusu mzee wa miaka 67 aliye kwenye oksijeni, hainiingii akilini.

Sasa sindano. Ile ndogo ya tumboni ya kila jioni kwa kawaida ni enoksaparini, dawa ya jamii ya heparini, na dozi ya kinga kwa mtu mzima wa uzito wa kawaida ni miligramu 40 mara moja kwa siku. Inachomwa kwenye mafuta ya tumbo kwa kuwa ndipo inaponyonywa vizuri, nayo huacha alama ndogo za bluu zinazowatisha ndugu. Hizo ni damu iliyovuja kidogo chini ya ngozi. Dawa hiyo inaongeza nguvu ya protini ambayo mwili wenyewe unaitumia kuzuia kuganda. Yaani kazi yake ni kinyume kabisa cha anachosema mjomba.

Mbona basi ameganda akiwa anachomwa? Hapa naomba umweleze mjomba kwa upole, maana hoja yake si ya kijinga. Ameona sindano, kisha ameona donge. Dawa ya kinga inapunguza hatari, haiifuti. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti mkubwa wa wagonjwa zaidi ya 1,000 waliolazwa kwa magonjwa ya ndani, wengi wao wa mapafu, moyo na maambukizi. Waliochomwa sindano isiyo na dawa, 15 hivi kati ya kila 100 walikutwa na damu iliyoganda kwenye mishipa, wengine bila wao kujua. Waliopewa enoksaparini miligramu 40 walikuwa kati ya 5 na 6 kwa kila 100. Punguzo ni kubwa, lakini wale 5 wapo. Na ugonjwa ukiwa mkali zaidi, kinga inazidiwa zaidi. Uholanzi, mwanzoni mwa mwaka 2020, waliwaangalia wagonjwa 184 wa UVIKO-19 waliokuwa vyumba vya mahututi, wote wakiwa kwenye dawa ya kinga, na bado 31 kati ya kila 100 waliganda damu, wengi wao mapafuni. Baba yako angeweza kuganda siku ya tatu, akiwa bado dhaifu kabisa. Mimi naamini sindano zilimsaidia kuliko mnavyoona.

Kuna jambo moja la kweli ambalo sitakuficha. Ipo hali adimu ambapo heparini yenyewe inaukoroga mwili hadi chembe sahani zinashuka na damu inaganda. Hutokea kati ya siku ya tano na ya kumi, na kwa enoksaparini ni chini ya mgonjwa mmoja kwa kila 100. Inaonekana kwenye kipimo cha kawaida cha picha kamili ya damu, kwa chembe sahani kushuka nusu au zaidi. Siku ya kliniki mwombe daktari aangalie kwenye faili kama chembe sahani za baba zilikuwa sawa siku ile alipoanguka. Kama zilikuwa sawa, hoja ya sindano imekwisha, na mjomba atasikia kutoka kwa aliyeshika karatasi.

Wengine huniuliza: kama kinga haikutosha, kwa nini hamkumwongezea dozi? Tulijiuliza dunia nzima. Majibu yalichapishwa mwaka 2021, kwa wagonjwa wa UVIKO-19. Waliolazwa lakini hawajafika mahututi walinufaika kiasi kwa dozi kubwa ya heparini. Waliokwisha kufika mahututi hawakunufaika, na dozi kubwa ina hatari ya kuvuja damu. Kwa hiyo daktari anayechoma dozi ndogo hafanyi ubahili, anapima pande mbili. Aspirini nayo ilijaribiwa Uingereza kwa wagonjwa karibu 15,000 waliolazwa kwa UVIKO-19, na haikupunguza vifo. Nalitaja hilo kwa sababu najua aspirini iko kwenye kabati la kila nyumba.

Kuhusu mkono wa mtu, mwambie mama kwamba sidharau uchungu wake. Mtu akimwona mume wake anacheka saa nne asubuhi, kisha saa tano anahangaika na pumzi, lazima atafute nani kafanya. Lakini donge hilo lilikuwa linajijenga siku kadhaa kimyakimya, na siku lilipong'oka ndiyo mliyoiona. Ughafla wake ni wa kung'oka tu.

Halafu nyinyi. Umeuliza "ni sisi?" na nimesoma swali hilo mara mbili. Hamkumfanya augue, wala hamkumgandisha. Mlimhudumia kama watoto waliolelewa vizuri wanavyomhudumia baba. Ila lile la kumkataza kabisa kushuka kitandani, hilo tulibadilishe, kwa ajili yake na kwa ajili ya mgonjwa wenu mwingine atakayekuja, maana ni desturi yetu sote. Kwetu mgonjwa ni mtu wa kulala. Akiinuka tunasema anajichosha. Akitaka chooni tunaleta kopo. Tunadhani tunamhifadhia nguvu, kumbe tunaisimamisha damu yake.

Damu inayoshuka miguuni inapandishwa na misuli ya kigimbi. Kila unapokanyaga, kigimbi kinakaza na kuiminya mishipa ya ndani kabisa ya mguu, damu inapanda, na ndani ya mishipa mna vali zinazozuia isirudi. Mtu akilala siku nzima miguu imenyooka, pampu hiyo imezimwa. Huwezi kumwambia mgonjwa wa oksijeni atembee hadi getini, lakini kuna mengi kabla ya getini. Akiwa amelala anaweza kuvuta vidole vya miguu kuelekea usoni na kuvisukuma mbele, mara kumi, kila saa anapokuwa macho. Akipata nguvu akae kwenye kiti badala ya kulala. Mrija wa oksijeni una urefu. Asimame pale kando ya kitanda, akanyage palepale dakika mbili, wewe umemshika mkono. Muulize nesi kwanza kama daktari ameruhusu, na ukipewa ruhusa usiogope. Anywe maji pia, isipokuwa kama ameambiwa apunguze kwa sababu ya moyo au figo.

Kuna la kwetu sisi wa nyanda za juu ambalo wenzetu wa Pwani hawana: baridi. Mwezi wa sita na wa saba, wodi za Mbeya, Njombe na Makete, mgonjwa anafunikwa blanketi mbili, khanga juu, soksi za sufu miguuni. Miguu haionekani kuanzia anapolazwa hadi anaporuhusiwa. Daktari anapita saa tatu asubuhi, anasikiliza kifua, anaangalia oksijeni kidoleni, anaandika. Nani amefunua blanketi?

Mimi sikulifunua. Nilikuwa daktari wa miaka michache, katika hospitali moja ya mikoa hii, na mama mmoja wa makamo alilazwa kwa nimonia. Siku mbili kabla ya kuruhusiwa alisema mguu wa kushoto unamvuta, kama amelala vibaya. Akaandikiwa Panadol. Niliona maandishi hayo kwenye faili na nikapita. Asubuhi ya kuruhusiwa alisimama kufunga khanga, akashika ukingo wa kitanda, akasema "hewa," akaenda chini. Tulipofunua mguu, kigimbi cha kushoto kilikuwa kinene, chenye joto, ngozi imevutika inang'aa, na alama ya ukingo wa soksi imezama kama kamba iliyofungwa. Hakurudi nyumbani. Tangu siku hiyo natembea na futi ya fundi cherehani mfukoni mwa koti. Ninapima sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mfupa kilicho mbele ya mguu chini ya goti, nazungusha futi kwenye kigimbi, mguu huu na mguu huu. Kigimbi kimoja kikizidi kingine zaidi ya sentimita 3, naomba ultrasaundi ya mishipa siku hiyohiyo. Futi hiyo ni ya bei ndogo, na ndugu yeyote anayekaa na mgonjwa anaweza kuitumia na kumwambia nesi alichokiona. Hata bila futi: jioni, unapomkanda miguu, funua yote miwili ilingane chini ya taa. Uvimbe wa mguu mmoja ndio wa kutiliwa shaka kuliko wa yote miwili.

Usidhani kila donge linaanza mguuni, lakini. Kwenye nimonia kali mengine yanajijenga papo hapo kwenye mishipa ya pafu lililougua, na mguu ukawa mzima kabisa. Ndiyo sababu mgonjwa wa mapafu aliyekuwa anapata nafuu kisha akazidiwa ghafla, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, kifua kinachoma akivuta pumzi, au anakohoa makohozi yenye damu, au oksijeni yake inahitaji kuongezwa bila sababu inayoonekana, hatakiwi kuambiwa tu kwamba nimonia imerudi. Lazima mtu aseme neno donge. Hospitali za rufaa sasa nyingi zina CT, na pale ambapo haipo daktari anaweza kuanza na ultrasaundi ya miguu na ya moyo. Kipimo cha damu kiitwacho D-dima nacho hutumika, lakini kwa mtu mwenye nimonia hupanda hata pasipo na donge, kwa hiyo peke yake hakithibitishi.

Nani yuko hatarini zaidi? Mwenye umri mkubwa, mnene sana, mwenye saratani, aliyewahi kuganda damu, mama mjamzito au aliyejifungua wiki chache zilizopita, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Na kwa mikoa yetu lazima niseme la VVU na kifua kikuu, maana vyote viwili vinaongeza kuganda kwa damu. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 uliikuta Njombe ina maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, ya juu kuliko mkoa wowote nchini, na Iringa na Mbeya zinafuata kwa karibu. Mgonjwa anayetumia ARV amwambie daktari siku ya kwanza kabisa, kwa sababu nyingine pia nitakayoieleza sasa hivi.

Tuje kwenye vidonge. Hujaandika jina, kwa hiyo chukua boksi usome. Kama ni rivaroksabani, kawaida ni miligramu 15 mara mbili kwa siku kwa siku 21, kisha miligramu 20 mara moja kwa siku. Baba yako yuko wiki ya pili nyumbani, kwa hiyo huenda badiliko hilo liko mbele yenu, mkihesabu tangu kidonge cha kwanza. Andikeni tarehe ukutani, maana hapo ndipo wengi hukosea: wengine wanaendelea mara mbili, wengine vidonge vya mwanzo vikiisha wanadhani dozi imeisha. Na vimezwe pamoja na chakula, chakula cha kushiba. Kikombe cha chai hakitoshi, bila chakula dawa hainyonywi vya kutosha. Kama ni warfarini, hapo kuna kipimo cha damu cha INR ambacho lengo lake ni kati ya 2 na 3, na mboga za majani kama mchicha, figiri na majani ya maboga asiziache wala asizivamie kwa wingi siku moja. Ale kiasi kilekile kila wiki, dozi itapangwa kwa kiasi hicho.

Watu huziita dawa hizi za kuyeyusha damu. Haziyeyushi. Zinazuia donge lisikue na lingine lisizaliwe, na mwili wenyewe unalimega lile la zamani kidogokidogo. Kumega huko kunachukua wiki na miezi. Ndiyo maana miezi mitatu, na ndiyo maana baba atajisikia mzima kabla ya kupona. Akiacha mwezi wa kwanza kwa kuwa pumzi imerudi, anaacha donge likiwa bado lipo. Fedha zikikaribia kwisha, nendeni kliniki kabla vidonge havijaisha mkaseme wazi. Daktari ana njia, mojawapo ni kumhamishia kwenye warfarini, ambayo ni ya bei nafuu zaidi. Kukaa kimya wiki mbili bila dawa ndicho ninachokiogopa.

Mama na chungu chake cha asubuhi. Tangawizi kwenye chai na kitunguu saumu kwenye mchuzi havina neno, aendelee kupika. Lakini kikombe kizito cha vitunguu saumu vilivyochemshwa kila siku, juu ya dawa ambayo tayari inaifanya damu isigande, kinaweza kumwongezea uwezekano wa kuvuja damu. Mwambie mama kwamba kazi aliyotaka kuifanya kwa chungu inafanywa na kidonge, na kwamba kuisimamia saa ya kidonge ndiyo dawa atakayompa yeye. Akina mama wa kwetu wakikabidhiwa saa hawaikosei. Na kabla ya lolote, toeni diklofenaki, ibuprofeni na aspirini kwenye kabati. Mzee wa miaka 67 ana magoti, siku magoti yakiuma atatafuta diklofenaki kama alivyozoea, na hiyo pamoja na dawa yake ndiyo njia fupi ya kutokwa damu tumboni. Panadol kwa kipimo cha kawaida inatosha. Kama ameanza dawa za kifua kikuu, rifampisini iliyomo inaivunja nguvu dawa ya damu, na baadhi ya dawa za VVU na za kifafa zinaipandisha au kuishusha. Duka la dawa watajie kila anachomeza.

Mnavyomwangalia: kinyesi cheusi kinachonata kama lami, mkojo wenye damu, matapishi kama machicha ya kahawa, damu ya puani isiyokoma, au kichwa kikali baada ya kuanguka hata kama hakuna jeraha, vyote ni vya hospitali siku hiyohiyo, hata ikiwa usiku. Vivyo hivyo pumzi ikikatika ghafla tena, kifua kuchoma, kuzimia, mguu mmoja kuvimba, au mdomo kupinda na mkono kulegea. Kama mna kile kipima oksijeni cha kidoleni, kipasheni kidole moto kwanza. Asubuhi ya Tukuyu vidole vikiwa baridi kifaa kinasoma chini na kuwatia hofu bure. Akae ametulia dakika tano, msome, mwandike. Mkishaijua namba yake ya kawaida, mtashtuka kwa haki ikishuka ghafla, na chini ya 90 msingoje.

La mwisho, harusi. Ningependa wiki nne za kwanza tangu siku ile alipoganda zipite kabla ya safari ndefu, na daktari wake amwone kabla ya kukata tiketi. Mkishavuka hapo, pumzi imetulia na vidonge havijakatika, basi linawezekana. Kutoka huko hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800, kutwa nzima amekunja magoti, na huo nao ni mfereji uliosimama. Mkatieni siti ya pembeni mwa njia ili anyooshe mguu. Avae suruali isiyombana gotini. Kila saa avute vidole vya miguu vile nilivyoeleza. Basi likisimama Makambako, Iringa, Morogoro, ashuke atembee, hata kama hataki chai. Wazee wetu huacha kunywa maji safarini ili wasimsumbue dereva kwa choo, asifanye hivyo. Mkiweza, vunjeni safari, alale Iringa au Morogoro kwa ndugu, amalizie kesho yake. Vidonge viwe kwenye begi la mkononi pamoja na karatasi ya hospitali, kamwe visiwe kwenye mzigo wa chini ya basi. Na kama saa ya kidonge itamkuta barabarani, mfungieni chakula kamili cha kumezea.